Mazoezi ya mkono baada ya kiharusi: ununue nini kwanza

Ndugu wengi humletea mgonjwa mpira wa kuminya. Mimi sikuuweka katika orodha hii. Mkono uliopooza ukianza kukakamaa, vidole hujikunja vyenyewe. Kazi ngumu ni kuvifungua, na mpira haufundishi hilo.

1. Kioo. Fundi vioo wa mtaani atakukatia kipande cha upana wa sentimita 40 hivi. Mwambie alainishe kingo. Kisimamishe mezani mbele ya kifua, mkono mgonjwa ukae nyuma yake, uso wa kioo uelekee mkono mzima, yaani usiopooza. Mgonjwa atazame kioo huku akifungua na kufumba mkono mzima, na ule mwingine ujaribu kufuata. Ubongo huona mikono yote miwili ikitenda. Mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba tiba hii husaidia mwendo wa mkono. Tena inawezekana hata kwa mkono ambao bado haujajongea.

2. Glavu nene ya kushikia sufuria. Huvalishwa mkono mzima ili ule uliopooza ulazimike kufanya kazi, kama katika jaribio la EXCITE la Marekani (2006). Ila kama kifundo cha mkono na vidole haviinuki hata kidogo, mtaambulia hasira tu. Na ivuliwe wakati wa kutembea na fimbo.

3. Mashine ya umeme ya misuli. Hapa wengi huuziwa siyo. TENS ni ya maumivu. Tafuta iliyoandikwa NMES au EMS, ambayo hukaza misuli. Mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe pa kubandika pedi nyuma ya kigasha, vidole vifunguke. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa asiiguse. Mjamzito na mwenye kifafa wamwone daktari kwanza. Uliza pia bei ya pedi za akiba, maana gundi huisha.

4. Glavu ya roboti. Inavutia kwenye video. Nyingi hukunja na kukunjua vidole kwa hewa, mgonjwa kakaa tu. Hata roboti za hospitali, katika jaribio la RATULS la Uingereza (2019), hazikushinda huduma ya kawaida. Ukiwa na hela ya ziada, chagua inayosubiri mgonjwa aanze mwenyewe.

Splinti, yaani kifaa kigumu cha kushikilia mkono na vidole visijikunje, ipimwe na mtaalamu wa tiba kazi, usiagize ya saizi moja kwa wote. Kapi la kuning'iniza mlangoni, lenye kamba ya kuinulia mkono, usinunue kabisa: huvuta bega legevu na kuliumiza.