Tahadhari: D750 "ya shata 18,000" iliyokuwa imeshapita laki mbili

Wapiga picha wenzangu wa Nairobi, hasa nyinyi mnaojidunduliza mpate bodi ya pili (kamera bila lenzi) kabla ya harusi za Desemba, tafadhali someni hii kabla hamjatuma pesa.

Kuna muuzaji wa kamera zilizotumika huku mjini. Anatangaza mtandaoni, halafu anakuita kwenye kachumba cha ghorofani upande wa Luthuli. Mwezi wa tano aliniuzia Nikon D750 kwa shilingi 65,000. Maneno yake yalikuwa haya: "Dada yangu, hii ilikuwa ya mzungu, alikuwa anapiga watoto wake tu. Shata ni 18,000." Shata ni mapazia ya ndani yanayofunguka na kufunga kila unapopiga picha, kwa hiyo hesabu yake inaonyesha kamera imetumika kiasi gani. Nikamwomba ushahidi. Akanitumia picha moja kwa WhatsApp, na skrinishoti yenye hiyo 18,000. Nikaridhika.

Hapo ndipo aliponipata. Nikon huandika hesabu ya shata ndani ya kila picha inayotoka kwenye kamera, lakini WhatsApp ikibana picha inafuta maelezo hayo yote. Picha aliyonitumia haikuwa na chochote cha kusoma, na ile skrinishoti ingeweza kuwa ya kamera yoyote duniani. Baadaye nimekutana na wenzangu wawili walioonyeshwa nambari ya faili tu, DSC_4312 au kitu kama hicho, wakaambiwa ndiyo hesabu. Siyo. Ile nambari ikifika 9999 inarudi mwanzo, na mtu anaweza kuirudisha mwenyewe kwenye menyu wakati wowote.

Ilinifia wiki ya sita, kanisani Buruburu. Bibi harusi anaingia na babake, nikapiga tatu za haraka, nikatazama skrini ya kamera: sketi ya gauni inaonekana vizuri, lakini kuanzia kiunoni kwenda juu ni ukanda mweusi. Uso haupo. Nikapiga tena, ikaandika Err. Nikabonyeza tena ikaamka, picha mbili, Err tena. Binamu yangu alikuwa na D3200 yake ya zamani kwenye begi, ndiyo iliyomaliza ibada. Zile picha za mlangoni sitazipata tena, na yule dada hana siku nyingine ya kuingia kanisani na babake. Hilo linaniuma kuliko zile 65,000.

Usiku ule nilifungua faili moja kwenye kompyuta. Hesabu: 211,406. Shata ya D750 ilipimwa na Nikon kwa mara 150,000. Kusema kweli, kiwango hicho si tarehe ya kufa. Kuna shata zinazopita mbali na kuna zinazokatika mapema. Kamera ya laki mbili inaweza kuuzwa kihalali, kwa bei yake na kwa jina lake. Kosa la huyu mtu ni kuuza uongo.

Na dalili zilikuwepo. Raba za mshiko zilikuwa mpya kabisa, zinanukia gundi, huku reli za kuwekea flashi zimekwanguka rangi hadi chuma kinang'aa. Kamera ya kupiga watoto nyumbani haikwanguki hivyo. Hizo ni flashi zilizoingia na kutoka miaka mingi. Tena alisema till yake imeharibika, nitume kwa nambari ya simu ya mtu mwingine. Hakuandika risiti. Nilipomrudia alisema nimeiangusha, kisha akaniblock. Nimeripoti polisi na nina nambari ya OB.

Ukienda kununua, nenda na kadi yako mwenyewe. Piga picha moja ya RAW (faili ghafi ya kamera) hapo hapo, isome kwenye kompyuta yako au ya rafiki. Kama muuzaji yuko mbali, atume faili ya asili kama hati, si kama picha, na bado usilipe mpaka umepiga yako. Canon nyingi haziandiki hesabu ndani ya picha, kwa hivyo beba waya na laptopu yenye programu ya kuisoma. Halafu weka kasi ya shata 1/4000 ya sekunde, elekeza ukuta mweupe, piga ishirini mfululizo. Kwa kasi hiyo mapazia mawili ya shata hupita yameachana kaufa kembamba tu, kwa hiyo pazia moja likichoka utaona upande mmoja wa picha una giza. Muuzaji akikukataza kipimo hiki, rudisha pesa yako mfukoni.

Kuhusu kutengeneza, angalieni pia. Fundi wa kwanza aliniambia 9,000, nikafurahi. Nilipombana, akakiri angetoa shata kwenye D750 nyingine iliyokufa. Hiyo ina mwendo wake ambao hakuna anayeujua, kwa sababu hesabu hukaa kwenye saketi ya kamera, haihami na shata. Fundi wa pili alisema 19,000 kwa shata mpya, akanionyesha ikiwa kwenye pakiti, akanirudishia ile ya zamani, akaandika risiti ya miezi mitatu. Nilikubali kwa sababu sensa ilikuwa safi na fokasi inashika vizuri. Kama kioo cha ndani kingekuwa kinakwama pia, au sensa ina doa lisilotoka, ningeiuza kwa vipuri nikatafuta nyingine. Kwangu, bei ya fundi ikivuka nusu ya bei ya bodi nyingine nzima, sitengenezi.

Mpaka jana usiku bado anatangaza D750 nyingine, "ya mzungu," na ile ile 18,000. Ukiwa na faili ya Nikon na hujui kuisoma, nitumie kama hati. Nitakusomea bure, hata saa nne usiku.