Kununua tairi Dodoma kabla mvua haijaanza

Mvua ya Dodoma kwa kawaida huchanganya Desemba, na ile ya kwanza ndiyo ya kuogopa. Vumbi na oili vilivyolala barabarani kiangazi kizima vinalowana kwa mkupuo, lami inateleza kama sabuni. Kama una mpango wa kununua tairi, nunua Novemba.

Chaguo la kwanza ni tairi nne mpya za aina moja, kwa saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kama safari zako ni za mjini, Morogoro na Singida, chukua za lami. Zenye kashata kubwa za matope (kashata ni yale meno ya mpira yanayogusa barabara) hazishiki vizuri lami iliyolowa.

Chaguo la pili, ambalo ndilo wengi wetu tunalimudu, ni tairi mbili mpya. Hapa nilikosea. Fundi aliniambia gari yangu inavutwa na mbele, kwa hiyo mpya zifungwe mbele. Nikakubali. Siku mvua inaanza nilikuwa natokea Kibaigwa na mtoto nyuma. Kwenye kona nikaachia mafuta, mkia ukachomoka. Tairi za mbele zilikuwa zimeshika barabara. Za nyuma, kashata zimeisha, zinaelea juu ya maji. Tulizunguka tukasimama tukitazama tulikotoka.

Tairi mpya zifungwe nyuma, hata kama gari inavutwa na mbele. Mbele ikiteleza utaisikia kwenye usukani, utapunguza mwendo na gari itashika tena. Nyuma ikiteleza hupati taarifa, unashtukia umeshageuka.

La tatu ni mtumba wa Japani. Usidanganywe na kashata nene. Tafuta herufi DOT ubavuni, usome tarakimu 4 za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Geuza tairi pande zote mbili, maana mara nyingi tarehe huwa upande mmoja tu. Ikishapita miaka 6 mimi siichukui kwa bei yoyote. Mpira ukizeeka hukauka, na mpira mkavu haushiki lami yenye maji. Ukiona mipasuko myembamba kama nywele karibu na rimu, iache hapohapo.

Kipara kilichochongwa kashata upya, usinunue kabisa. Kinachochongwa pale ni ule mpira kidogo uliobaki kufunika nyuzi.

Ukishafunga, usikubali upepo wa kukisia. Wapo mafundi wanaojaza PSI 40 (PSI ni kipimo cha upepo) kila gari. Fuata kibandiko, gari ndogo nyingi ni kati ya 30 na 35 PSI. Nunua geji yako, upime asubuhi kabla gari haijatembea, kwa sababu tairi ikipata moto upepo hupanda. Upepo ukizidi, tairi inagusa barabara kwa katikati tu. Ukipungua, inaliwa mabega na kuchemka, na kwa jua la mchana la njia ya Singida inaweza kupasuka. Spea nayo ipime siku hiyohiyo.