Tochi ya kichwa ya kurinia asali usiku: nunua inayowaka nyekundu kwanza

Malalamiko ya warina asali wa Sikonge, Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, yanafanana mno: tochi ni mpya, mwanga ni mkali, na nyuki wote wamehamia usoni. Mwenye tochi anadhani safari hii kakutana na kundi kali. Kundi ni lile lile la mwaka jana. Kilichobadilika ni taa aliyojifunga kwenye paji la uso.

Tuanze na swali lenyewe. Je, tochi ndogo ya kichwa yenye mwanga wa kutawanyika inafaa kununuliwa kwa kazi ya mizinga? Inafaa, tena inaizidi mbali tochi ya mkononi, maana mkono mmoja uko kwenye bomba la moshi na mwingine kwenye kisu. Ukishikiwa taa na mtu mwingine, kila akiumwa mwanga unakimbia naye. Ila kuna sharti ambalo hakuna boksi linaloliandika: tochi iweze kuwaka nyekundu bila kupitia nyeupe hata kwa nusu sekunde. Isipotimiza hilo, mengine yote ni mapambo.

Sababu iko kwenye jicho la nyuki. Karl von Frisch, yule mtafiti wa Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha tangu miaka ya 1910 kwamba nyuki huona rangi, lakini nyekundu huichanganya na giza. Vipokezi vya jicho lake viko vya aina tatu: kimoja cha mwanga wa urujuanimno ambao binadamu hauoni, kimoja cha bluu, kimoja cha kijani. Cha kijani hufika kilele karibu na nanomita 544 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, ambao ndio hutofautisha rangi), kisha nguvu yake hushuka haraka. Taa nyingi nyekundu za LED huwaka kwenye nanomita 620 hadi 630, kwa hiyo kwa nyuki ni mwanga hafifu sana. Nasema hafifu, sisemi haupo. Nyekundu kali iliyosogezwa karibu bado anaihisi, na ndiyo maana unahitaji nyekundu ndogo, ile inayotosha kuona kisu na ukingo wa sega.

Usiku nyuki aliyechokozwa hutambaa zaidi kuliko anavyoruka, ila akiona mwanga mweupe huuendea moja kwa moja. Mwanga uko wapi? Juu ya pua yako. Akifika hapo anapiga kwenye wavu, wa pili anamfuata, na aliyechoma anaacha harufu ya kuwaita wenzake. Harufu hiyo inafanana na ndizi mbivu. Ukiisikia, jua hali imeshabadilika.

Sasa angalia tochi nyingi za madukani zinavyofanya kazi. Kitufe ni kimoja. Bonyezo la kwanza ni nyeupe kali, la pili nyeupe ndogo, la tatu ile ya kumeta kama ya gari la wagonjwa, la nne ndiyo nyekundu. Yaani kabla hujaifikia nyekundu umeshawapigia nyuki mwanga mara tatu, mmoja wao wa kumetameta, na mzinga uko wazi mbele yako. Nyingine ni mbaya zaidi kwa sababu hata kuizima ni lazima upite nyeupe tena. Kuna na hizi za sensa, unapitisha mkono mbele yake inawaka au kuzima. Kwenye mizinga usizisogelee kabisa. Mkono wenye glavu unapita mbele ya taa kila dakika, na kila ukipita sensa inaamua mambo kwa niaba yako.

Kwa hiyo dukani fanya hivi kabla ya kutoa hela. Zima tochi, hesabu hadi kumi, kisha iwashe na uone rangi gani inatangulia. Kama ni nyeupe, izime, halafu bonyeza na ushikilie sekunde mbili au tatu ikiwa imezimwa. Tochi nyingine huleta nyekundu kwa njia hiyo. Ikishawaka nyekundu izime, hesabu tena hadi kumi, iwashe. Nzuri hukumbuka rangi ya mwisho. Mwisho rudia yote ukiwa umevaa glavu zako za ngozi, zile zile za kazini, kwa sababu kitufe laini kilicholala usawa wa plastiki hakisikiki ndani ya ngozi. Utabonyeza mara mbili ukidhani ni moja, na la pili ndilo litakaloleta nyeupe. Muuzaji akikukataza kujaribu, basi umeshajua la kufanya.

Kuhusu mtawanyiko wenyewe, usiamini mchoro wa boksi. Simama mita moja kutoka ukutani ndani ya chumba chenye giza. Tochi yenye pembe ya nyuzi 100 itachora duara la karibu mita 2.4, ya nyuzi 60 itachora mita 1.15 hivi, ya nyuzi 20 haifikishi hata sentimita 40. Kwa mzinga wa gogo wenye urefu wa karibu mita moja unataka hiyo ya kati au ile pana, ili uone mdomo wa mzinga, bomba la moshi na ndoo bila kuzungusha shingo. Duara lenye doa kali katikati na giza pembeni lina tabu yake: jicho linazoea doa, halioni nyuki wanaotambaa kuelekea kwenye mkono wa koti.

Mwanga mpana una kasoro mbili ambazo mnunuzi azijue mapema. Ya kwanza ni wavu. Ukivaa tochi ndani ya wavu, mwanga unagonga nyuzi kwa ndani na wavu unageuka pazia, hasa wavu ukiwa mweupe. Wavu mweusi una nafuu kubwa. Ukiivaa nje, juu ya kofia, ukingo wa kofia unakata mwanga wa chini na kivuli kinaangukia hasa pale kisu kilipo. Dawa ni kuishusha tochi hadi ikae mbele kabisa ya ukingo, au kuitoa kichwani na kuifunga kifuani. Mimi naona kifuani ni bora kwa mizinga iliyo kwenye stendi: nyuki wakivutwa wanavutwa kifuani, na mwanga haupiti kwenye wavu hata kidogo. Kwa mzinga ulioning'inizwa juu ya mti, kifua kinatazama shina, kwa hiyo hapo rudi kichwani.

Ya pili ni moshi. Mwanga mpana ulio karibu na jicho unaangaza moshi ulio mbele ya jicho, na unabaki kutazama ukungu. Hapo punguza mwanga. Watu wengi huongeza, na ukungu unazidi kuwa mweupe. Kazi ya umbali wa mkono haihitaji zaidi ya lumeni 50 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga).

Halafu nyekundu inaficha kitu kimoja muhimu: rangi ya sega. Mchana sega la asali lililozibwa ni jeupe au la manjano, la majana (watoto wa nyuki) ni la kahawia. Chini ya nyekundu yote mawili yanafanana. Angalia umbo badala ya rangi. Vifuniko vya majana vimevimba kidogo na havina mng'ao, vya asali vimelala bapa. Ukibaki na shaka, funika ndoo, tembea hatua kumi na tano kutoka kwenye mzinga, geuka upe mzinga mgongo, ndipo uwashe nyeupe ukiielekeza chini. Sega lenye majana lirudishe. Anayekata majana kwa sababu hakuona anaua kundi la msimu ujao.

Tukija kwenye chaguo, naweka wazi kwamba naipendelea Petzl, kampuni ya Ufaransa iliyotokana na watu wanaochunguza mapango. Tikka yao ya kwanza ilitoka mwaka 2000, na toleo la sasa la lumeni 350 ndilo ninaloliweka namba moja kwa kurina. Mwanga wake ni mpana tu, hauna doa la mbali la kukusumbua. Ina nyekundu, na nyekundu hiyo hupatikana kwa kubonyeza na kushikilia badala ya kuzunguka nyeupe zote. Uzito haufiki gramu 100 pamoja na betri, na ukanda unatoka kwa kufuliwa. Betri zake ni tatu ndogo za AAA zinazopatikana hata kwenye kibanda cha kijijini. Ukitaka ya kuchaji, inapokea pia betri yao iitwayo CORE. Chunga jina. Kuna Tikkina, ndugu yake wa bei ndogo, zinafanana sana kwenye boksi. Tikkina haina nyekundu. Kwa kazi hii usiinunue hata ukipunguziwa. Tikka nayo inahimili manyunyu, haihimili kuzamishwa, kwa hiyo asali iliyoganda ifute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu.

Namba mbili ni Armytek Wizard C2 WR. Hizo herufi mbili za mwisho zina maana ya nyeupe na nyekundu, na bila hizo unanunua tochi nyingine. Inatumia betri moja ya kuchaji ya 18650 (kipenyo milimita 18, urefu 65), ina umbo la kona, na ina klipu. Klipu hiyo ndiyo inayoipandisha, kwa sababu unaibana kwenye mkanda wa kifuani bila kushona chochote. Nguvu inayo kuliko Tikka. Shida ni waya wake wa kuchaji wa sumaku: ukipotea, itabidi utoe betri na utafute chaja ya pembeni.

Namba tatu Nitecore NU25, ile ya lumeni 400 yenye tundu la USB-C. Ni nyepesi mno, ina mwanga mpana, wa mbali na nyekundu. Betri ya 650 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) imefungiwa ndani, kwa hiyo ikiisha katikati ya porini hakuna ya kubadilisha, labda uwe na pawabenki. Na vitufe ni vidogo kwa glavu. Mwenye mizinga mitano karibu na nyumba itamtosha.

Za bei ya chini zisizo na jina: nunua yenye mwanga mweupe wa kawaida, ziba kioo kwa ile stika nyekundu ya kurekebishia taa za breki, tabaka mbili. Inafanya kazi. Itakosa nguvu, na hapa hilo ni jema. Kama mwanga wake umekusanyika, weka kwanza kipande cha nailoni nyeupe isiyong'aa ili utawanyike.

Kinachochosha ni maneno ya kwenye boksi. "Mzee, hii lumeni elfu tisini, betri elfu tisa mia tisa." Betri halisi ya 18650 haivuki sana mAh 3,500, hata ikitoka kiwanda bora kiasi gani. Njia ya kuwashika ni mizani. Peleka betri kwenye duka lenye mizani ya kidijitali: nzima ina gramu 45 hadi 48. Ikisoma 25 au 30, ndani kuna betri ndogo na uwazi. Watu wanauza hewa iliyofungwa vizuri, halafu ukirudi unaambiwa kitu kikishatoka dukani hakirudi. Bei nayo haiandikwi popote. Inapanda mara muuzaji akisikia ni ya kurinia asali, kwa sababu anajua msimu umefika na mtu ana haraka. Usimwambie. Sema ni ya nyumbani umeme ukikatika. Na bei ya Tikka huko Ulaya na Marekani hucheza kati ya dola 30 na 45, kwa hiyo ukitajiwa mara tatu yake, agiza kupitia mtu anayesafiri Dar es Salaam.

Ukirina kwa baiskeli kutoka mbali, mwanga mpana hautakuonyesha shimo lililo mita 30 mbele. Beba tochi ya mkononi kwa njia na uiache kwenye baiskeli ukifika.

Baada ya kila usiku vua ukanda uufue kwa sabuni na maji mengi, kwa sababu ile harufu ya ndizi inakaa kwenye kitambaa na kesho nyuki wataanza na paji la uso kabla hujafungua mzinga. Msimu ukiisha toa betri za AAA ndani ya tochi. Zikiachwa huvuja, na ule unga mweupe hula chuma cha kugusia betri. Ukiukuta bado haujakolea, usugue kwa pamba yenye siki kidogo, kisha ukaushe kabisa kabla ya kurudisha betri.