Feri ya Likoni: bure kwa mwenye miguu

Mimi ni fundi cherehani wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na vitambaa nanunua Biashara Street mjini, kwa hivyo feri naijua kwa upande wa mfuko.

Avukaye kwa miguu halipi kitu. Gari linalipa kwa ukubwa wake, na tuktuk nayo inalipa. Ndiyo maana matatu ya Ukunda inakushusha mteremkoni, unavuka mwenyewe, kisha ng'ambo unatafuta nyingine ya Posta. Dereva alipie chombo na kukaa foleni ya nini, na abiria wake wavuka bure? Basi hiyo bure ya katikati unailipia huku na huku, nauli ya kukufikisha majini na nauli ya kukutoa. Mvua ikinyesha, makanga wanapandisha nauli palepale, na hapo utawaona watu wameshika Nyerere Avenue kwa miguu, viatu mkononi, hadi mjini. Nikiwa mikono mitupu nami ni mmoja wao.

Nikiwa na majora mawili ya kitambaa, hesabu inageuka. Tuktuk ya kunitoa soko la Marikiti mjini mpaka mlangoni kwangu itanitoza nauli, tozo ya feri, na foleni juu yake. Kwa hivyo tuktuk naiacha getini, hamali ananivushia majora begani, halafu upande wetu nachukua boda. Nalipa watu watatu, na bado inatoka nafuu!

Safari yenyewe ni fupi, kungoja ndiko kunakochosha. Geti likifunguliwa umati wote unateremka kwa mpigo, baiskeli zenye magunia katikati, na mama wa samaki na ndoo yake inayochuruzika. Mkoba uweke mbele.

Barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka bila feri, iliyofunguliwa 2024, haina tozo, na imewafaa sana wa Miritini na wa uwanja wa ndege. Kwa anayekwenda Marikiti ni kuzunguka tu. Hata daraja la kuelea la Liwatoni, la wenda kwa miguu, lilipofunguliwa Januari 2021, kuvuka kulikuwa bure vilevile. Sisi wa karibu na kivuko tukabaki na feri yetu, maana bei zikilingana mtu anafuata njia fupi.

Kwa kazi yangu naipa alama nane kwa kumi. Ukiwa na mtoto mgongoni, saa kumi na moja jioni usiende. Ngoja magharibi ipite.