Ubaguzi kazini: London au Belfast, wapi unalindwa zaidi?
England, Wales na Uskoti zina Sheria ya Usawa ya 2010: sifa 9 zinazolindwa dhidi ya ubaguzi, kama umri na ulemavu, zote mahali pamoja. Kwa wepesi wa kuisoma, inashinda. Mwenye ulemavu naye ana kinga pana zaidi, kwani Ireland ya Kaskazini, uliko mji wa Belfast, bado inategemea sheria ya ulemavu ya 1995.

Lakini Belfast, maoni ya kisiasa yametajwa waziwazi katika sheria. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 10 wa muda kamili lazima atoe kila mwaka idadi ya Wakatoliki na Waprotestanti wake. Naliheshimu sana hilo. Ubaguzi usiohesabiwa hufichika.

Ada ya kufungua shauri? Hakuna kokote; kwa upande wa London, ada hiyo ilifutwa 2017.

Ukinyimwa kazi kwa siasa zako, Belfast ina nguvu zaidi. Kwa ulemavu, London.