Tinti ya seramiki kwenye Noah yangu: miezi minane baadaye

Kazi yangu kupeleka wageni, uwanja wa ndege hadi Nungwi, siku nyengine Paje. Tinti ya kwanza, ile karatasi ya plastiki inayobandikwa kwenye vioo, niliichagua kwa macho: nyeusi tii, nikaona hii ndiyo itakayoliua jua. Iliua mwanga tu. Kaskazi ilipoingia, kioo cha ubavuni ukikigusa kwa ndani utadhani kikaango, na mgeni wa upande wa jua anajipepea na pasipoti. Mwaka wa pili haujesha, kioo cha nyuma kimekuwa kama mdomo wa mtoto aliyekula zambarau, na malengelenge juu yake.

Safari hii niliuliza kabla ya kutoa pesa. Muuzaji wa kwanza akanionesha boksi limeandikwa 99%. Hiyo 99% ni ya miale ya UV, inayobabua ngozi na kupausha dashibodi, lakini sehemu yake katika joto la jua ni ndogo mno. Karibu nusu ya nguvu ya jua ni infraredi, miale ya joto isiyoonekana kwa macho. Nikamuuliza, nguvu yote ya jua inazuia asilimia ngapi? "Inazuia yote." Nikapanda gari yangu.

Fundi wa Mwanakwerekwe hakunena sana. Ana taa ya joto, nyekundu, na vipande vya kioo vilivyobandikwa tinti mbalimbali. "Ami, tia mkono nyuma ya hiki." Kile cheusi cha bei rahisi, mkono niliuvuta mwenyewe. Cha seramiki (tinti yenye chembechembe za kauri), cheupe karibu kama kioo kitupu, joto lilikuwa vuguvugu tu. Alikuwa nayo pia tinti ya metali. Inarudisha joto vizuri, ila inaweza kusumbua mawasiliano ya simu, na mgeni akikosa mtandao njiani nyota ninazopewa na wageni zinashuka.

Nikaweka ya seramiki, 35% ubavuni na 20% nyuma (namba ni mwanga unaopita, kwa hivyo ndogo ndiyo nyeusi zaidi). Zaidi ya hapo sitaki: usiku njia ya Nungwi ina baiskeli zisizo taa, na ng'ombe.

Bei karibu mara tatu ya ile ya mwanzo. Lakini kilichoniuma ni kubandua ya zamani. Gundi iligoma, kijana akaikwangua kwa wembe, akakata uzi mmoja wa kioo cha nyuma, zile nyuzi za kuondoa ukungu. Masika haya kuna mstari mmoja haufutiki kabisa.

Na isitegemewe miujiza. Gari ikishinda juani tangu adhuhuri hadi alasiri, utaikuta tanuri vilevile. Tofauti iko njiani: zamani kiyoyozi kilikuwa namba nne mpaka Kinyasini, sasa nikifika Bububu nishakishusha mbili.

Fundi aliniusia nisishushe vioo siku nne. Siku ya pili nikasahau, getini uwanja wa ndege, nikitoa mkono kulipa maegesho. Ukingo wa kioo cha dereva umejikunja hadi leo, kama ukucha.