Cherehani nyeusi ya Butterfly kwa gauni la solo: inapokufaa na inapokuangusha

Cherehani hii nyeusi yenye maua ya dhahabu, chapa ya Shanghai, haijui zigizaga, haishoni tundu la kifungo wala haina taa. Inashona mstari mmoja ulionyooka, basi. Kwa fundi wa fulana na nguo za michezo hiyo ni hasara tupu. Kwa anayeshona gauni la sherehe la mtindo wa miaka ya 1950, lile la kifua kilichobana, kiuno kilichokatwa na sketi ya solo, yaani ya duara zima, inayofunguka kama mwavuli, mambo ni tofauti, na sababu iko kwenye kitundu ambacho wanunuzi wengi hawakitazami.

Inua kiguu kinachobana kitambaa uangalie sahani ya chuma ambamo sindano inazama. Kwenye cherehani ya zigizaga utaona mwanya mpana wa milimita 5 hadi 7, maana sindano lazima ipate nafasi ya kwenda kushoto na kulia. Kwenye Butterfly ni kitundu cha mviringo kinachoizidi sindano kidogo tu. Satini, shifoni na oganza ni vitambaa vyepesi. Sindano ikishuka juu ya mwanya mpana inakisukuma kitambaa chini kabla ya kukitoboa. Ndipo mwanzo wa mshono unapomezwa, au mshono mzima unapojaa vikunjo vidogo ambavyo hata pasi haiviondoi. Kitundu kidogo kinakishikilia kitambaa pande zote, sindano inatoboa na kutoka. Wenye cherehani za umeme hununua sahani ya ziada yenye kitundu kidogo ili kupata jambo hilihili. Hapa linakuja na cherehani.

Ila kitundu hicho kiwe safi. Sindano iliyowahi kuvunjika inaacha mkwaruzo kwenye ukingo wake, na mkwaruzo huo ndio unaokata uzi kila baada ya sentimita chache huku fundi akilaumu uzi. Pitisha kijiti cha meno au kipande cha soksi ya nailoni ndani ya tundu. Kikinasa, lainisha kwa msasa laini sana, taratibu, au badilisha sahani.

Sifa ya pili ni mguu. Kwa kukanyaga unaweza kushona tundu moja, yaani hatua moja ya sindano, ukasimama, ukageuza kitambaa, ukashona jingine. Kwenye kona ya kola, ncha ya dati (kikunjo cha kubana nguo mwilini) au pale kiuno kinapokutana na zipu, hilo linaokoa kazi ya saa nzima ya kufumua. Umeme ukikatika siku mbili kabla ya send-off, kazi inaendelea. Pasi tu ndiyo itakayotafuta mkaa.

Sasa mipangilio, kwa kuwa ikitoka dukani au kwa mwenye nayo haijawekwa kwa ajili ya satini. Mara nyingi imekazwa kwa khaki za sare za shule.

Sindano kwanza. Namba 9 au 11 kwa satini nyepesi na shifoni, 14 kwa kitenge na pamba, 16 kwa brokadi nzito au mahali panapokutana tabaka nne. Kila gauni la satini lianze na sindano mpya. Ncha butu haitoboi nyuzi za kitambaa bali inazivuta, na utaona mstari wa mvuto ukikimbia kutoka kwenye mshono hadi ukingoni. Kuhusu upande wa kuingizia uzi usibahatishe: sindano ina mfereji mrefu upande mmoja na ubapa kwenye shina upande wa pili. Uzi huingia upande wa mfereji. Sindano ikiwekwa kinyume, cherehani hairuki tundu moja moja, haishoni kabisa.

Uzi upitishwe kiguu kikiwa juu. Kikiwa chini, visahani vya kukaza uzi vimebanana na uzi unakaa nje yake. Matokeo yake ni lile furushi la uzi chini ya kitambaa ambalo watu wengi wanadhani ni kosa la bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Ni kosa la juu, karibu kila mara. Angalia pia kama uzi umepita kwenye jicho la mkono unaopanda na kushuka. Ukiuruka, furushi ni lilelile.

Kupima mkazo, weka uzi mwekundu juu na mweupe chini, kisha shona kipande cha kitambaa kilekile cha gauni, tabaka mbili. Uzi mweupe ukitokeza juu kama vitone, legeza juu. Mwekundu ukitokeza chini, kaza juu. Fundo linatakiwa lifichwe katikati ya tabaka. Bobini nayo ina kipimo chake: toa nyumba yake ikiwa na bobini ndani, ishike kwa uzi ikining'inia, kisha tikisa mkono kidogo. Ishuke sentimita chache na kusimama. Ikiteremka yenyewe mpaka chini imelegea, isiposhuka kabisa imebana mno. Parafujo yake ndogo igeuzwe kwa robo ya mzunguko, si zaidi, maana ikidondoka sakafuni utaitafuta mpaka jioni.

Halafu kuna parafujo ya juu kabisa, ile ya mgandamizo wa kiguu, ambayo mafundi wengi hawaigusi mwaka mzima. Kwa satini ilegeze. Ikibana sana, meno ya chini yanavuta tabaka la chini haraka kuliko la juu. Ukifika mwisho wa mshono wa mita moja, la juu limebaki na ziada ya sentimita nzima na sketi inapinda. Urefu wa tundu uwe milimita 2 kwa satini, 2.5 kwa kitenge. Kabla ya kuanza, mkono wa uzi uwe juu kabisa, shika ncha zote mbili za uzi kwa matundu matatu ya kwanza, na zungusha gurudumu kuja kwako. Mguu ukianza kinyume hata nusu mzunguko, uzi unakatika au unajisokota.

Kwenye solo ndipo cherehani na hesabu vinapokutana. Chukua kiuno cha sentimita 76. Gawanya kwa 6.28, unapata 12.1, nusu kipenyo cha mshono wa kiuno ni 12. Mkasi upite kwenye 10.5, ili ibaki sentimita 1.5 ya mshono. Kwa sketi yenye urefu wa 65, pindo liko kwenye 77, na ukiongeza sentimita 1 ya kupinda unakata kwenye 78. Kitenge kina upana wa sentimita 115 hivi, hivyo duara zima halitoshi. Kata nusu duara mbili, kila moja ikiwa na ukingo ulionyooka kwenye ukingo wa kitambaa, na usogeze kitovu cha duara ndani kwa 1.5 kwa ajili ya mshono wa ubavuni. Kila nusu inakula urefu wa sentimita 156, mbili ni 312, yaani yadi tatu na nusu. Kwenye pisi ya yadi 6 zinabaki mbili na nusu, zinatosha kifua, mikono mifupi na mkanda. Kama kitenge kina ndege au maua yenye kichwa na miguu, jua kwamba mbele watasimama na ubavuni watalala. Chagua michoro isiyo na juu wala chini.

Mara tu ukishakata, shona mstari mmoja kuzunguka kiuno, sentimita 1.2 kutoka ukingoni, kabla hata ya kuinua sketi kwenye meza. Sehemu za duara zilizokatwa mshazari zinavutika kwa uzito wake zenyewe, na kiuno cha 76 kinaweza kukujia 80 wakati wa kuunganisha.

Kisha itundike sketi usiku kucha. Mshazari utashuka, bila mpangilio, zaidi pande fulani. Siku ya pili mvishe mwenye gauni, pima kutoka sakafuni na kukata upya. Anayeruka hatua hii anapeleka ukumbini gauni lililochongoka.

Pindo la solo ndilo linalowashinda wengi, na kosa ni kupinda pana. Tazama hesabu: ungeacha sentimita 2, ukingo uliokatwa ungekuwa na mzunguko wa sentimita 496, lakini ukiupinda unalala kwenye mstari wenye 471. Sentimita 25 za ziada ziende wapi? Zinakuwa mikunjo. Kwa pindo la sentimita 1 ziada inashuka hadi kama 12.5, nayo inamezwa ikigawanywa kuzunguka sketi nzima. Shona mstari wa tundu refu karibu na ukingo, vuta uzi wa chini kidogo kidogo mpaka ukingo ulale, piga pasi, kisha shona. Ni karibu mita tano za mshono. Kwa mguu ni kazi, lakini mstari unaotoka ni mzuri kuliko wa mashine inayokukimbia.

Gagulo la neti ngumu chini ya solo linashonwa vizuri kwa cherehani hii kwa sharti moja. Matundu ya neti yananasa ncha za kiguu, hivyo weka ukanda wa karatasi nyembamba juu yake na uuchane baadaye. Gazeti usitumie, wino wake unahamia kwenye neti nyeupe. Kama nyonga zinadai mkanda wa 110, safu ya kwanza iwe 220 na ya pili 440. Kukusanya marinda, legeza mkazo wa juu, weka tundu refu kabisa, shona mistari miwili inayofuatana, kisha vuta nyuzi za bobini zote mbili pamoja. Ukitegemea mmoja, utakatika ukiwa umebakiza robo.

Kwa kurekebisha magauni ya mtumba, mashine hii ni ya kuaminika lakini uzi uchague kwa makini. Kitambaa kilichochoka kikishonwa kwa uzi wa polista, siku mtu akikaa kwa nguvu uzi unabaki na kitambaa ndicho kinachochanika. Uzi mwembamba wa pamba ukikatika unashonwa tena kwa dakika tano. Gauni lenye mishono minne ya wima, miwili mbele na miwili nyuma, likihitaji kupunguzwa sentimita 4, toa nusu sentimita kila upande wa kila mshono. Ukizitoa zote ubavuni, kwapa linavutwa mbele na kifua kinakaa pabaya. Kuongeza ni habari nyingine: fungua bitana kwanza uone kuna akiba kiasi gani ndani. Kwenye pamba matundu ya mshono wa zamani yanafutika kwa mvuke. Kwenye satini hayafutiki, usimwahidi mteja. Ndiyo maana bandi, yaani mshono wa muda, kwenye satini hupigwa ndani ya sehemu itakayofichwa, na pini nazo zikae hukohuko.

Mapungufu yapo, tena si madogo. Bila zigizaga huna namna rahisi ya kuzuia kingo zisichanuke. Kwenye shifoni na oganza jibu ni mshono wa kufungia ndani: weka kitambaa ndani kwa ndani, shona kwa milimita 6, punguza hadi 3, geuza, shona tena kwa milimita 9, jumla ni sentimita 1.5 ileile uliyoacha. Kwenye mshono ulionyooka unatoka safi kuliko wa ovaloku, ile mashine ya kufungia kingo. Kwenye mduara wa kwapa unajaa na kukwaruza, hapo funga kwa mkanda wa mshazari. Brokadi inachanuka kupita kiasi, mpelekee mwenye ovaloku kabla ya kuunganisha chochote. Tundu za vifungo ni za mkono.

Vitambaa vya kuvutika, ikiwemo lesi yenye lastiki na jezi, usijaribu. Mshono ulionyooka hauvutiki pamoja navyo, unakatika mvaaji anapoingiza kichwa. Sindano ya ncha ya mviringo na tundu fupi vinasaidia kidogo, si kwa gauni la kulipwa. Sweta la kufuma ndio kabisa, liunganishwe kwa mkono.

Vipuri si tatizo, kwa kuwa umbo la ndani ni lile la Singer 15 lililonakiliwa na viwanda vingi. Jihadhari tu na bobini yenye kipenyo kilekile lakini nyuso zilizotuna. Ya kwako ina nyuso bapa. Mafuta yawe ya cherehani, tone moja kila tundu. Ya kupikia yanaganda na kuwa gundi, na ya nazi yanaganda kukiwa na asubuhi ya baridi, kama kule Njombe au Limuru. Ukishaweka, shona vitambaa chakavu mpaka tone la mwisho litoke, kisha ndipo ulete satini nyeupe.

Ukinunua iliyotumika, nenda na karatasi yenye mistari. Toa uzi, shona juu ya mstari bila kuiongoza kwa mkono. Matundu yakienda sawa na kwa nafasi sawa, kichwa ni kizima. Yakibanana mahali na kuachana mahali, pasa kidole kwenye meno: kama ni laini badala ya kukwaruza, yameisha. Shika nondo ya sindano uitikise. Ikicheza, weka pesa mfukoni.